Kikombe cha Mtama

Mbuzi wa Chiduo alikufa Jumanne,
tumbo limetuna kama gunia la Kibaigwa.
Tulipompasua: nailoni,
ya bluu, ya pinki, moja ingali na chumvi.
Nyama ile hatukuila.

Sasa Sechelela, pale stendi,
anauza karanga katika kikombe
alichokioka mwenyewe kwa unga wa mtama.
"Ukimaliza, kitafune. Ukishiba, kitupe."
Dereva wa lori la alizeti
akakipangusa kwa shati, akakirudisha:
"Mama, chombo chako."

Mimi nilikitafuna.
Kigumu, kichungu kidogo, meno yakalalamika.
Nusu nikaiangusha chini, makusudi,
nikasubiri.
Upepo wa Kongwa ukapita na vumbi lake.

Akaja mwanambuzi, yatima wa Jumanne,
akanusa, akanitazama,
akala.