Nta

Otepää. Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
maegesho ya magari, saa moja na robo asubuhi.
Nilipandisha kisigino juu ya boneti la Kaljo
nikajikunja kama anayelifunga sanduku
lililoshiba nguo.
Nikasikia tap.
Ndogo, kijiti kikavu chini ya kiatu.
Kaljo akauliza, "Nini hicho?"
Paja langu. Nyuma. Miezi mitatu.

Miezi mitatu skii zikining'inia ukutani,
nami nikipanda ngazi za posta
kwa mguu mmoja wa heshima
na mwingine wa kuombaomba.

Urve alinichua kila Alhamisi, juu ya duka lake,
vidole vikinuka dawa na nta ya skii.
Hakunipa hotuba. Alitoa kipande cha nta kibarazani,
kwenye baridi, akaniambia, "Kikunje."
Kikakatika.
Kingine akakifumbata kiganjani
akasimulia mjukuu wake, bei ya kuni,
paa la jirani lililoporomoshwa na theluji,
mpaka nikasahau tulikuwa na kazi.
Kisha akakikunja, kikamkubalia.
"Nimekijulia hali kwanza," akasema,
akaenda kuchemsha chai.

Basi siku hizi naanza kwa kutembea,
dakika kumi za kuchekwa:
magoti juu, mabega yakizunguka,
mguu ukipembea kama kengele ya ng'ombe mvivu.
Kujinyoosha kwenyewe nakungojesha nyumbani,
soksi zikichuruzika kando ya jiko.
Nasogea hadi msuli unaposema "hapa,"
nabaki hapo. Navuta pumzi, naishusha.
Sijidundishi. Siibi hata nusu shubiri.
Kuna kuvutika na kuna kuumia;
miaka thelathini nimeviita jina moja
nikajiona shujaa.

Jumapili ya mashindano, kilomita sitini mbele yetu,
kijana nambari mia nne na kitu, Rasmus,
ametundika mguu kwenye uzio wa chuma,
anajidundadunda, meno nje,
pumzi yake nyeupe kama ya farasi.
Nikapapasa mfukoni. Sikuwa na nta,
ila leso na ufunguo wa baiskeli.
"Hebu tembea nami kidogo," nikamwambia.
Akanitazama: mzee, kofia ya sufu yenye tundu,
anazungusha mabega kama kuku anayekung'uta maji.
Akacheka.
Kisha akashusha mguu, akaja.