Kamera ya Kupimia Ufa

Nyurgun amezipanga tatu juu ya kaunta,
kila moja yaingia mfukoni kama kiberiti,
na anazisifu, maana muuza chake haishiwi sifa:
hii yavuta mbali mara thelathini,
simama kwenye ngazi zangu utahesabu manyoya
ya kunguru aliyetua juu ya paa la posta.
Na hii, dada, inatambua tabasamu.
Haipigi mpaka mtu acheke.
Ya tatu hakuisemea neno.

Mimi nina rula ya shule na sarafu ya rubo kumi.
Nauliza: karibu je? Inaona karibu kiasi gani?

Nyumba yetu inazama.
Baba aliijenga kwa magogo, juu ya ardhi iliyoganda
tangu enzi za tembo wenye manyoya,
na sasa barafu ya chini imeanza kuyeyuka.
Kila Agosti kona ya jikoni yashuka;
kitunguu kikiwekwa mezani chajua njia chenyewe.
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Na ufa ulioanzia chini ya nchi
unauziba kwa udongo upi?

Tume ya wilaya haitaki maneno.
Varvara Semyonovna alinirudishia barua yangu, kurasa sita,
akaigonga kwa kalamu:
picha, na picha iwe na tarehe.

Nikamwachia Nyurgun pasipoti yangu,
nikaondoka na zote tatu, usiku mmoja.

Nje, nyuzi arobaini na mbili chini ya sifuri.
Ya kunguru ilipiga picha nne, ikafumba jicho.
Kioo chake ni cha kugusa, na hakimjui mwenye glavu;
nikavua, baridi ikanila ncha ya kidole.
Ya tabasamu ilifika saba.
Ya tatu, nzito upande mmoja, rangi imechubuka,
yala betri mbili kama za tochi: zilipokufa
nikazitia kwapani, nikahesabu hadi mia,
zikafufuka.
Kitufe chake ni kikubwa kama cha koti la askari.

Ndani, nikapiga magoti penye ufa.
Ya kunguru haikutaka mambo ya karibu:
rula ikawa ukungu, sarafu ikawa mwezi.
Ya tabasamu ilitafutatafuta ukutani,
kisha ikachora kisanduku cha manjano
kuzunguka kifundo cha gogo, pale panapong'aa
mafuta ya kichwa cha baba,
miaka ishirini ya kuegemea akivuta viatu.
"Imeona mtu," nikasema.
Mama akaacha sufuria, akaja kuchungulia.
"Basi mwambie ashuke, tunyanyue naye nyumba."
Akacheka, meno mawili na pengo lote,
na kamera, bila kuulizwa, ikapiga.

Ya tatu iliandika tarehe pembeni, rangi ya kaa la moto:
Mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Betri zikitoka tu, husahau;
huna budi kuiambia mwaka, mwezi, siku, saa.
Nikaiambia. Ikaniamini.
Hapo ndipo nilipoona kwamba ushahidi wa Varvara Semyonovna
ni neno langu lilelile,
limevalishwa namba.

Hata hivyo ndiyo niliyoinunua.
Rula inasomeka. Milimita kumi na moja.
Mwaka jana, kwa kukadiria na njiti ya kiberiti, saba.

Asubuhi nikarudisha mbili, nikapewa pasipoti.
Ile ya tabasamu sikuwa nimeitia kadi;
picha imebaki tumboni mwake, rafuni,
kati ya redio na birika za umeme,
ikimngoja yeyote mwenye fedha:
mama yangu anacheka,
na nyuma yake ukuta,
hauna rula, hauna tarehe,
umeinama.