Daftari la Namba Mbili

Walikuwa watatu, tumbo moja,
walioshushwa Forodhani ndani ya makasha
kama vyombo vya harusi: dohani mbali,
magurudumu yamefungwa kwa majani makavu,
boila limelala chali, limevimba.
Pestonji, fundi wa karakana ya Malindi, akawaunga
kwa mchoro uliolowa chumvi ya safari,
na palipofutika, akakisia.

Futi tatu kutoka reli hadi reli.
Mfupi wa kiuno, ili akate kona ya Darajani
bila kung'oa baraza za watu.
Maji kayabeba mabegani, hana gari la kukokota nyuma,
na Bububu hakuna pa kumgeuzia:
akienda kwa uso, hurudi mjini kinyumenyume
kama mgeni anayeaga mbele ya Sultani
asiyethubutu kumpa mgongo.

Namba Moja alipasuka bomba mwaka wa pili.
Namba Tatu aliliwa hai,
kila bolti yake ikaenda kumponya dada.
Alobaki ni Namba Mbili, na babu yangu,
Pandu Vuai wa Kibweni, mtia kuni.

Daftari ninalo. Mchwa wamekula pembe,
mwandiko wa Pestonji hawakuuweza.
*Jumatatu. Vali inavuja. Imefungwa kwa ngozi ya mbuzi.*
*Alhamisi. Cheche zimeunguza paa moja, Gulioni.
Fidia rupia sita. Wavu wa dohani ubadilishwe.*
Wavu haukubadilishwa. Wiki mbili mbele:
*Paa mbili, Gulioni.*
*Mkesha wa Idi. Abiria mia na arubaini.
Mwinuko wa Mtoni, wanaume washuke wasukume.*
*Jumamosi. Mlango wa tanuri umefyatuka.
Mtu mmoja, mkono wa kulia, kuungua.
Treni haikuchelewa.*

Hapo hufunga daftari.
Mtu mmoja.
Kovu lile nalijua: kitasa kizima
na bawaba zake mbili, chapa juu ya kiwiko,
Bibi Mize akilipaka mafuta ya nazi
usiku wa joto, likiwasha.
Nikiwa mdogo nilidhani kila babu
ana mlango mkononi. Nikabisha hodi.
"Karibu," akasema, "lakini ndani mna moto."

Watu hudai kijiji kilipata jina kwa mlio wa gari.
Babu alikuwa akicheka mpaka kikohozi.
Chemchemi ilisema *bu-bu-bu*
chuma hakijajua kuyeyuka, alisema;
sisi tulimjaza maji yale yale, ndoo arubaini,
naye njia nzima akayarudia aliyokunywa.

Motokaa hazikumshinda mbio tu.
Zilimshinda njia: yeye aliijua moja.
Mataruma yakawa kuni za pilau.
Reli zikakatwa; jiko la bibi lina mbili,
zimebeba dari mpaka leo,
ukizigonga kwa mwiko zinaitika.
Boila, wengine husema, lilivushwa Pemba
likachemsha makonyo ya karafuu,
na kwamba mafuta ya mwanzo yalitoka
yananuka masizi. Sina hati.

Hati niliyonayo ni ukurasa wa mwisho.
Pestonji hakuandika tarehe, wala bei ya chuma chakavu,
yeye aliyehesabu hata matambara ya kufutia.
Kaandika:
*Namba Mbili. Moto umezimwa saa kumi na moja jioni.*
*Saa mbili usiku. Boila bado lina uvuguvugu.*
Kisha chini, kwa wino mwingine,
kama aliyeondoka akarudi:
*Saa tano. Limepoa.
Pandu bado yupo.*