Ripoti ya Msimu wa Tende

Kitabu cha tatu hakijatoka. Nianze na hilo,
nisije nikalizungukazunguka kama mdaiwa.
Kurasa arubaini na moja ziko tayari.
Ya kumi na mbili ilidondokewa na kiyoyozi,
nikaiacha vivyo hivyo: sasa yako mawingu
juu ya Ibra, katikati ya Julai.
Msomaji atanisamehe, au atamshukuru Mungu.

Mchana nipo dirisha la bili za maji.
Usiku nachora; kalamu nimeifunga tambara,
vidole vinateleza kwa jasho.

Za Kiarabu zimekwisha, nakala sitini,
nne kwa deni la binamu Rayya, mwenyewe anajijua.
Za Kiswahili ndizo zilizonitoa roho.
Ukurasa waanzia kushoto, basi nikaipindua michoro
kama mtu kwenye kioo, nikajiona hodari.
Bibi akavaa miwani, akapekua, kimya.
Kisha: “Huyu binti yako, mbona anakula kwa kushoto?
Hana mama?”

Visanduku mia na sita.
Mkono mmoja mmoja, nikamrudishia adabu.

Mengineyo: Mama kapasuliwa goti, anafika mpaka jikoni.
Rutabu za khunaizi mwaka huu zimewahi,
na karatasi zangu zote zinanata.

Bibi anaudai ukurasa wa arubaini na mbili.
Nimemwambia kimebaki kiputo kimoja, kitupu,
sijui binti aseme nini akifika mlango wa kwao.

“Aseme hodi,” kanijibu. “Kuna jingine?”