Hodi

Bi Somoe Chinguile kafika Naliendele na basi la alfajiri
kutoka Kitangali, mfuko wa salfa kauzungushia kanga
kama mtoto mwenye degedege.
"Nimepuliza mara tatu. Ubwiriunga uko palepale.
Niambie, imechoka dawa au nimechoka mimi?"

Nafunga pazia; rangi hizi husema gizani.
Navaa glavu mbili, maana zinang'ang'ania vinasaba
bila kuuliza ni vya kuvu au vya mpimaji.

Ya kijani haina aibu, huingia kwa kila mtu.
Nyekundu ina adabu.
Hufika kwenye utando, hupiga hodi,
na chembe iliyo hai hainyanyuki kuifungulia.
Iliyokufa haina mlango tena:
rangi inapita ukumbini, inapita hadi kwenye kiini,
inajibana katikati ya vipandio vya ngazi ile iliyosokotwa,
na hapo, hapo tu, inawaka.
Nyumba inayowaka nyekundu ndiyo isiyo na mwenyewe.

Mia na arobaini na… umeme ukakatika.
Gesi inatoka Msimbati, hapo jirani,
na taa ya zebaki ikizimika haiwashwi mpaka ipoe.
Tukakaa gizani. Akanihesabia yeye sasa:
kilo zilizokwisha andikwa dukani kabla ya kuchanua,
ada ya Nambunga, bomba la kukodi.

Umeme uliporudi nikampisha kiti.
Akafumba jicho moja, akashika meza.
"Kijani! Kijani tupu! Alhamdulillahi."

Nilinyamaza kidogo.
Kwake kijani ni shamba lililopona.
Nimwambieje kwamba humo ndani
kijani ni adui anayepumua?

"Kati ya mia mbili, mama, waliokufa kumi na tisa.
Na hii sahani ya pili, ambayo sikuitia dawa kabisa:
kumi na minane."

Hakulia. Aliuliza, "Huyo mmoja
ndiye niliyemlipia mfuko mzima?"
Kisha: "Niandikie namba. Rangi hawataiamini pale chama cha msingi."

Nikaandika, nikagonga muhuri.
Kanga akajitanda mwenyewe, jua lilikuwa kali.
Mfuko akaushika sikio moja,
ukamfuata hadi kituoni
ukidondosha njano yake ya kupauka.