Upana wa Ndani

Dundee, Februari, mvua inanyesha ubavuubavu
nami ghorofa ya nne nahoji vioo.
Wewe, upana wako? Mia tatu na tisini.
Na kimo? Mia nane arobaini na nne.
Mwongo. Nimekuhesabu vitone, ni mara tatu ya hapo.
Ndivyo simu zilivyo: zinataja kimoja, zina vitatu,
kama mtu anayemficha mtoza kodi idadi ya ng'ombe.

Kivinjari nacho kina hesabu zake.
Kina upana wa nje na upana wa ndani,
kina upau wa anwani unaojikunja ukisogeza kidole
na kurudi pale pale ulipokwisha kupima.
Ukiandika mia kwa mia ya kimo, kinaitikia vyema,
kisha kinakikalia kitufe chako
kama mgeni aliyekalia kofia ya mwenyeji.

Droo yangu ina simu kumi na nne, mbili za kukunjwa,
moja yenye tundu la kamera katikati ya paji.
Fomu ya ruzuku ya kupasha nyumba joto:
jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya mita, Tuma.
Zote zilipita. Na barua ikaja hata hivyo,
ya karatasi, kwa wino wa bluu:
*Fomu yenu haina mwisho. Nimeijaza mara sita.
M. Petrie, Lochee.*

Callum, msimamizi, alisema huyo ni mtumiaji mmoja.
Nikapanda basi.

Alivaa koti ndani ya nyumba, na glavu moja, ya kulia;
mkono wa kushoto aliuacha wazi kwa ajili ya simu.
Jina lako? Tatu. Maana yake? Tatu, namba.
Basi kaa, Namba Tatu, akasema, chai ndiyo hita.

Akanionyesha. Simu ilianguka ngazini mwaka juzi,
nusu ya chini inaonyesha lakini haisikii.
Kwa hiyo huilaza. Ikilala, nusu mfu iko kulia,
na herufi P iko huko huko.
Anaigeuza simu, ufu unahamia kushoto, anaigusa P.
E, T, R: anairudisha. I: anaigeuza. E: anairudisha.
Mara nne, kwa jina la ukoo tu.

Na kila alipoigeuza, msimbo wangu ulisikia.
Nilijivunia hilo, sikatai:
kwamba ukurasa ukiguswa bega unapima upya
papo hapo, unajipanga,
na kumpeleka mtu juu kabisa,
kwenye neno Karibu.
Jioni nzima alikuwa akikaribishwa.

Kati ya upau na kibodi palibaki kijistari
cha pikseli sabini na moja.
Nilikipima kwa gumba langu. Gumba lilizidi.

Mamake, alisema, alipima magunia kiwandani,
ya juti, kwa fimbo ya shaba
iliyopungua nusu inchi, na wote walijua.
Nikacheka. Babu yangu, Korogwe,
alihesabiwa matita ya mkonge vivyo hivyo.

Fomu yake nikaijaza kwenye simu yangu, hilo lilikuwa rahisi.
Njiani kurudi nikafuta mistari kumi na miwili:
ule unaouliza, ule unaouliza tena, ule unaorudisha juu.
Skrini na igeuke itakavyo,
Bi. Petrie asisogezwe.
Tuma nikaiweka chini ya swali la mwisho,
itembee nalo popote liendapo.

Jumatatu nikabandika karatasi ndani ya droo,
baada ya simu ya kumi na nne:
*Petrie. Upana nusu, kulia au kushoto. Kimo 71.
Mkono mmoja, bila glavu.*

Callum akauliza hilo ni toleo la mwaka gani.
La arobaini na sita, nikamwambia.