Tanuri la Burulkan

Baridi ya Januari ilipasua tanuri
ufa mmoja kutoka mdomoni hadi kitakoni,
na unga uliokwisha kukandwa ukabaki beseni
ukiumuka bila pa kwenda.

Ndivyo ulivyo mji wa Naryn: mto umeganda,
maziwa sokoni huuzwa mabonge kama matofali,
na ukikosa mkate saa kumi na mbili asubuhi
mlango wa pili humchukua mteja wako
kimyakimya, bila ugomvi.

Benki kubwa ilimwuliza hati ya nyumba.
Nyumba ni ya kaka wa marehemu.
Ilimwuliza mshahara.
Akaonyesha mikono, makovu ya moto hadi kiwikoni.
Karani akatazama saa.

Basi Zuura mshona kofia za sufu,
Anarkul wa mayai, Toktokan wa viazi,
na Sairagul, ambaye hawakusemezana tangu mwaka juzi
kwa ajili ya kondoo mmoja,
waliketi naye kwenye zulia, watano, wakatia sahihi:
akikwama mmoja, tumekwama sote.
Som elfu thelathini. Miezi kumi.
Afisa mikopo Mirlan, kijana wa pua nyekundu,
alizihesabu mara mbili, kisha akaomba chai.

Kukopa harusi, kulipa matanga, husema wasemao.
Harusi haikuwapo. Palikuwa na udongo wa mfinyanzi,
manyoya ya mbuzi ya kuushikiza,
na siku sita za kuusubiri ukauke.
Matanga nayo hayakuwapo, ingawa mwezi wa nne
homa ya mtoto ilikula rejesho lote,
na aliyebisha hodi usiku, noti zimekunjwa ndani ya glavu,
alikuwa Sairagul.
"Usinishukuru," alisema. "Nimeandika."

Sasa Burulkan huwasha moto saa kumi alfajiri.
Deni halijaisha, yamebaki malipo matatu,
na riba ni riba, haifichi meno.
Hajatajirika. Buti ni zile zile,
ya kushoto imezibwa kwa mpira wa baiskeli.
Ila mkono huingia mtupu kwenye joto lile
na kutoka na mkate, na mkate, na mkate,
na mlango wa pili umerudi kuuza sigara.

Mkate wa kwanza wa kila Ijumaa hauuzwi.
Hufungwa kitambaani, huvuka barabara ya barafu
hadi kwa jirani wa kondoo,
ambaye huupokea, huupima kiganjani,
na husema: mwepesi huu.